Viatu vya Loveness vya Kupandia Mlima

Nyumbani kwa Ebenezeri,
Mwika, Moshi.
Jumatano, 7 Agosti 2002

Mpendwa kaka Elimringi,

Shikamoo kaka. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, aliyetulinda tangu tulipoagana kwenye mazishi ya mama mdogo mpaka leo hii. Habari za Songea? Wifi Violet hajambo? Mgongo wake umepata nafuu kidogo? Na watoto je, shule wanaendelea nayo? Ukiuliza ya kwetu, tupo kwa neema tu. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi hatutoki jikoni mpaka jua lipande, ila wote wazima. Shemeji yako Ebenezeri kikohozi kimemwachia, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mungu ni mwema.

Kahawa usiniulize. Kuna watu huku wanang'oa mibuni waliyopanda babu zao na kuweka nyanya. Sisi bado hatujang'oa, lakini tunaiangalia tu.

Kaka, kilichonishikisha kalamu ni mambo ya binti yangu Loveness, na mambo yaliyonipata mjini Alhamisi iliyopita. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Unamjua Isack, yule mtoto wa mwinjilisti wetu, sasa ni kiongozi wa wageni mlimani. Mwezi uliopita alimkuta Loveness akipandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka kule chini, na pumzi hazimwendi mbio. Akaja nyumbani akakaa, akanywa maziwa, akasema kampuni yao inataka wasichana wawili wa kubeba mizigo kwenye safari ya Jumamosi, na mmoja anaona ni huyu. Ila lazima awe na viatu vya kweli vya mlimani. Raba hataki kuziona. Atavikagua mwenyewe Ijumaa jioni, na asipoviona, nafasi anaipeleka kwa msichana mwingine wa Marangu anayeisubiri.

Tangu Loveness amalize kidato cha nne ni miaka mitano, kaka. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia njoo, tunakuhitaji. Alianza kuimba tena huku anaosha vyombo. Basi tukauza yule beberu wetu, nikafunga elfu sitini na mbili kwenye pindo la kanga, tukateremka Moshi.

Pale mjini limefunguliwa duka moja kubwa, sijui nilifananishe na nini. Ni vitu vya mlimani na vya michezo tupu. Mahema yamesimamishwa humo humo ndani, baiskeli zinaning'inia juu, mipira, majaketi, mifuko ya kulalia iliyojaa manyoya ya bata. Taa zinawaka mchana kweupe. Kuna fimbo mbili za chuma za kutembelea, kaka, bei yake ni mbuzi na kitu juu! Fimbo! Na huku sisi tunakata msituni bure.

Mlangoni mlinzi akaninyang'anya kikapu changu, eti hairuhusiwi. Ndani mlikuwa na ndizi nne na Agano Jipya. Wakati huo huo wazungu wawili wakapita na mabegi mgongoni makubwa kama ndama, akawafungulia mlango na kuwapigia saluti. Nikasema moyoni, nimefuata viatu.

Loveness akavaa jozi moja, kaka, ungemwona. Alisimama wima kama anaenda kupokea Kipaimara. Karatasi ya bei imeandikwa 95. Nikajua ni elfu tisini na tano, nikajipanga kuomba punguzo. Kaunta palikuwa na msichana anaitwa Evelyn, jina lake limebandikwa kifuani. Akaniambia hizo ni dola, na dola moja ni karibu elfu moja, na hapa hatupunguzi. Nikamwambia mwanangu, nipe kwa sitini. Akajibu, "Bei ni hiyo hiyo, mama," akageukia wale wazungu.

Sasa kaka, wewe unajua tunavyonunua pale sokoni Mwika tangu enzi za mama. Muuzaji akisema bei ni hiyo hiyo, ndipo mazungumzo yameanza. Unaweka hela yako mbele yake, unachukua kitu chako, unaondoka polepole bila kugeuka. Akikataa atakuita. Akinyamaza, amekubali. Hivyo ndivyo tulivyonunua masufuria, mbegu, hata yale mabati ya jiko. Basi nikafungua pindo, nikaweka elfu sitini na mbili zote kaunta, nikavichukua viatu, nikaanza kwenda polepole. Loveness alikuwa bado amekaa kule nyuma anafunga raba zake. Nikasikiliza. Evelyn kimya. Nikapiga hatua nyingine. Kimya. Nikasema asante Bwana, amekubali!

Nilipofika mlangoni mlinzi akanishika mkono wa juu akapiga kelele duka zima likageuka: "Mwizi! Mwizi huyu mama!"

Mimi, kaka. Mzee wa kanisa. Nimeshika viatu vya watu kifuani na kanga imenidondoka begani.

Loveness akaja mbio kiatu kimoja hakijafungwa, analia, anasema mama yangu amelipa. Evelyn naye anapiga kelele kwamba hajapokea hata senti. Nikaona mwisho wangu ni polisi, na Isack atasikia, na nani atampa mtoto wa mwizi mzigo wa wageni?

Aliyeniokoa ni mama mmoja kutoka Mkuu, Rombo, anaitwa Mektrida. Alikuwa amekuja kumnunulia mume wake glavu, mume ni mpishi wa mlimani. Mwembamba, lakini sauti yake, we! Akajiweka katikati yangu na mlinzi.

"Mwachie! Mwizi gani anatembea polepole kama bibi harusi? Nilimwona kwa macho yangu anaweka hela pale. Yesu na Maria, hebu inueni hilo daftari lenu muone!"

Wakainua. Hela zikawa pale, elfu sitini na mbili, zimefunikwa na daftari Evelyn alilolitupia juu alipokuwa anawashughulikia wageni.

Hapo kaka watu wakafunguka midomo, nikashangaa hata mimi. Kumbe kila mtu ana lake. Mzee mmoja akasema amesimama saa nzima anataka tochi na hakuna aliyemuuliza shida yake. Kijana mmoja mpagazi akasema kila akiingia anafuatwa nyuma nyuma, "kama kuku anayekaribia mahindi," watu wakacheka. Mektrida akasema glavu zile zile alizoziona mwezi wa tano zimepanda mara mbili, na ukiuliza kwa nini wanakujibu dola, dola, "kwani mume wangu analipwa dola?" Hata mama mmoja wa kizungu mzee, Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema kwao viatu hivyo ni bei ndogo. Hilo lilinishtua kuliko yote. Vimevuka bahari, vimefika mlimani kwetu, na sisi tunaopanda mlima wenyewe ndio vinatushinda.

Meneja akatoka chumbani kwake. Kijana wa heshima, anaitwa Primus, anaongea taratibu. Akasikiliza, akazihesabu hela zangu mbele ya watu, akanirudishia, akaniomba radhi. Kisha akasema mama njoo ofisini upumzike.

Sasa hili ninalokuandikia hapa, Ebenezeri sijamwambia. Ukimtoa Loveness, wewe ndiye wa kwanza.

Kule ofisini akanipa chai na kiti. Akafunga mlango. Akaniambia, "Mama, chukua viatu kwa hiyo elfu sitini na mbili yako. Ila tafadhali, viweke ndani ya kanga, utokee mlango wa nyuma, na usimwambie mtu. Bei haipangwi na mimi. Wakijua nimempunguzia mmoja, kesho nina Rombo nzima mlangoni."

Kaka, viatu vilikuwa mezani pale. Mkono wangu ulishavigusa. Nikamfikiria Loveness anavyoimba. Halafu nikamfikiria Mektrida kule nje, aliyenitetea bila kunijua, anatoa hela za glavu kwa bei kamili, na mimi napita nyuma na viatu nimevificha kwenye kanga. Nikaona kumbe ndipo nitakapokuwa mwizi kweli. Nikamwambia, "Mwanangu, mwizi mmeniita mbele ya watu. Na bei hii itamke mbele ya watu, nitaichukua na Mungu akubariki."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Siwezi, mama. Nitafukuzwa kazi." Na naamini alisema kweli, maana macho yake yalikuwa ya mtoto anayeogopa. Nikamaliza chai, nikamshukuru, nikatoka mlango ule ule niliouingilia.

Nilimsimulia Loveness njiani. Afadhali nisingemsimulia. Alisimama pale pale barabarani. "Mama! Vilikuwa mezani?" Nikasema ndiyo. "Kwa hela yetu?" Nikasema ndiyo. Akaniangalia kama hanijui. "Mama, heshima yako haivaliki mlimani," akasema, akatangulia mbele. Sijawahi kuambiwa neno zito namna ile na mtoto niliyemzaa. Nilipofika kituoni nililia, mbele ya wauza karanga.

Mektrida akatukuta hivyo. Sikumweleza ya ofisini, nilimwambia tu viatu vimetushinda. Akasema acheni kulia, twendeni Memorial. Pale kwenye mitumba kuna mama anauza vitu ambavyo wageni wakishuka mlimani wanawaachia wapagazi, na wapagazi wakibanwa na shida wanamuuzia yeye. Tukafukua lile lundo mpaka jua likaanza kuteremka. Mwisho vikatoka viatu vya kahawia, soli nene, kamba moja nyekundu na nyingine nyeusi. Vikubwa kidogo, lakini kwa soksi mbili vinakaa. Akataka elfu arobaini. Nikaweka ishirini na tano, nikachukua, nikaanza kwenda polepole.

"Wee mama wa Mwika, rudi hapa! Unataka watoto wangu wale nini?"

Kaka, nilifurahi kuitwa. Nilitaka kumkumbatia. Tukamalizana kwa ishirini na nane, na akanipa jozi moja ya soksi ya nyongeza.

Ijumaa jioni Isack akaja. Alivikunja soli, akaingiza mkono ndani, akamwambia Loveness aruke, atembee kwenye mteremko wa mfereji, ashuke kwa kisigino. Ebenezeri alisimama anaangalia. Isack akatazama zile kamba mbili za rangi tofauti, akacheka. "Hivi vimeshawahi kufika juu kabla yako, wewe vifuate tu. Kesho saa kumi na mbili getini, ukichelewa siji kukuita." Loveness alinishika mkono kwa haraka, akauachia.

Ameondoka Jumamosi. Leo ni siku ya tano, na Mlima umefunikwa, sijauona tangu Jumapili. Nimekaa naandika huku nawaza: je, viatu vikimsaliti kule kwenye changarawe? Je, maji yakiingia? Vile vya dukani vilikuwa vipya, na nilivikataa mimi, kwa mdomo wangu. Siku ile nilidhani ni Mungu anayenikataza. Sasa nasali na sijui kama alikuwa ni Mungu au ni kiburi cha mama aliyeitwa mwizi. Wewe ni kaka yangu, na umezeeka katika imani kuliko mimi. Niambie ukweli, usinipoze. Tena uniombee.

Ijumaa, 9 Agosti

Kaka, barua nilikuwa sijaifunga, maana jana ilikuwa Nane Nane na posta haikufunguliwa. Nimepata la kuongeza.

Loveness amerudi jana mchana. Niliona vumbi kwanza, halafu zile kamba, nyekundu na nyeusi, zinakuja kwenye njia ya migomba. Uso umeungua na jua, midomo imepasuka, amekonda kwa siku sita tu. Alimsalimia baba yake, akanisalimia mimi, akala kiburu cha ndizi na maharage sahani mbili bila kupumua. Anasema usiku ule wa kupanda kileleni wapagazi hubaki kambini Kibo, lakini mgeni mmoja, mama wa makamo, alizidiwa njiani akarudishwa, na Isack akatuma mtu amwite Loveness apande ampokee, akamshusha kwenye changarawe kwa kumshika kiuno. Hakuteleza hata mara moja. Isack amemwandika tena, safari ya tarehe kumi na saba.

Nilipomuuliza kama miguu inauma, akajibu, "Inauma mama, lakini viatu viko sawa." Kisha akasema, "Ningevaa vile vya kujificha, ningeshindwa hata kumwambia Isack nilivitoa wapi." Halafu akaenda kujitupa kitandani.

Ebenezeri alinifuata jikoni akauliza vya kujificha ni vipi hivyo. Nikamweleza yote. Hakunilaumu. Aliuliza tu jina la yule kijana meneja, akasema tumwombee, maana kazi ya kuogopa hivyo ni ngumu kuliko kupanda mlima.

Nisalimie sana wifi Violet, mwambie mafuta ya mgongo nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika. Wasalimie watoto wote, na mchungaji wenu. Huku wanakusalimu Ebenezeri, jirani yetu Ndelilio wa kihamba cha juu, na shangazi Kornelia ambaye kila Jumapili anauliza utakuja lini. Bwana awafunike kwa mkono wake, ninyi na nyumba yenu, mchana na usiku.

Hapa ninapomalizia ni asubuhi. Nimeenda kumwangalia Loveness. Kitandani tangu jana, na viatu bado viko miguuni, matope yote kwenye shuka langu la kupokelea wageni. Sikumvua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Eunike