Nchi Iliyotaka Kujitoa

Mdogo wangu mpenzi,

Mimi mzima, ila koo limekauka. Somo la uendeshaji wa sarafu ya pamoja tunalifundisha wawili, mimi mchumi na mwenzangu mwanasheria, na tunagombana mbele ya wanafunzi kama mawifi.

Jana kila mwanafunzi aliigiza nchi. Binti mmoja akatangaza kwamba nchi yake inajitoa. Mimi nikamtajia hasara, mwenzangu akamsomea mkataba. Akafoka, "Mbona hamniulizi nimepatwa na nini?"

Tukamuuliza. Kipindi kilipokwisha, alikuwa bado yumo.

Nikakukumbuka ulivyotoka kwenye kikao cha familia, sisi tukikufuata na taratibu zetu hadi getini.

Chumba chako nimekifagia. Mwenzio nimechelewa, lakini nauliza: ulipatwa na nini?

Dada yako, mkaidi kama wewe