Kubali Zote

Jumatatu, 8 Mei

Nimerudi nyumbani na hasira mpaka ufunguo umegoma kuingia mlangoni.

Asubuhi nilikuwa najaribu printa mpya. Nikachapa lebo moja tu ya chupa ya dawa, nione karatasi inakaa sawa. Mama Dawa akapita na kikombe chake. Yeye ndiye mfamasia wetu, mtu pekee ofisini aliyewahi kumpa mtoto dawa kwa mikono yake. Akaiokota, akavaa miwani. Mtoto wa kilo tatu, mililita mbili? Nani kasema?

Nikamwambia kompyuta imesema, mama. Majaribio yote yamepita.

— Basi kompyuta izae wake, iwape hizo mbili!

Kwenye faili lake, kwa mwandiko wake, ni moja nukta mbili. Nikaendesha majaribio upya mbele yake. Lebo 412, zote kijani. Na vijizana vya majaribio, viprogramu vidogo vya ukaguzi, niliviandika mimi! Mtu akigusa programu yetu ya lebo, hata kwa kidole, vinachapa upya lebo zote na kuzilinganisha na lebo za mfano, zile alizozikagua Mama Dawa moja moja kwa wiki tatu. Tofauti hata ya nukta inatoa nyekundu. Kwa hiyo kuna mtu aliyeingia akabadilisha lebo za mfano zenyewe. Kosa limewekwa mahali pa usahihi, halafu tunajisifu yote yanalingana. Na programu inaingia wodini Jumatatu ijayo.

Nitamjua. Haki ya Mungu nitamjua.

Jumanne, 9 Mei

Kikao cha asubuhi. Nimesema yote. Mkuu anatazama simu. Akasema hospitali wenyewe waliomba namba nzima kwenye lebo, tangu Februari, hakuna muuguzi anayetaka kuhangaika na nukta. Nikasema waliomba kwa watoto wakubwa! Turbo, aliyeandika sehemu hiyo ya programu, akasema kweli, ni wakubwa tu, ataangalia. Mkuu akasema basi huenda mama aliidhinisha akasahau. Umri huo, akasema. Na akatabasamu!

Mama Dawa alikuwa amekaa palepale. Alikikunja kitambaa cha miwani, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama stempu.

Nikalipuka mimi. Nikamnyooshea Turbo kidole mbele ya watu: ni wewe, wewe unapenda kijani kuliko ukweli. Si ndiye aliyetengeneza kijizana cha kurudia jaribio lililoanguka mpaka lipite? Mara tatu, mara tano, mpaka lichoke lenyewe! Akasema, dada, hicho nilikikiri na nikakifuta. Hili si langu. Alivyosema taratibu ndivyo nilivyozidi kuwaka.

Mkuu akafunga kikao. Lete ushahidi kwamba lebo zilibadilishwa bila mama kuidhinisha. Nani, lini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana, la sivyo Jumatatu inatoka.

Nikampigia mdogo wangu, muuguzi wa wodi ya watoto. Nikamuuliza, mkiona kipimo cha ajabu kwenye lebo mtashtuka? Akacheka, lakini si kwa furaha. Dada, nina vitoto ishirini na sita na wenzangu wawili. Nasoma kilichoandikwa, navuta kwa sindano, natia mdomoni. Ninyi si ndio mmekagua?

Ninyi. Ndiyo. Sisi.

Jumatano, 10 Mei

Kumbukumbu za mabadiliko ya kabla ya Machi ziko kwenye seva ya zamani. Mwenye seva anataka fomu. Fomu isainiwe na Mkuu. Mkuu kasafiri mpaka kesho. FOMU! Wachanga watapewa dawa karibu mara mbili, sisi tunatafuta saini.

Turbo kanisalimia. Sikuitika.

Alhamisi, 11 Mei

Siku nzima na Mama Dawa, faili lake kushoto, skrini kulia. Yeye anasoma, mimi nalinganisha. Lebo kumi na tisa zimeharibika, zote za watoto wasiofika kilo tano. Tukifika kwenye mbovu anaiandika, anaendelea. Kwenye ya kumi na mbili akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, una hakika sikuzipitisha mimi hizi? Nikamwambia mama, acha hayo! Nilimkaripia. Mtu wa umri wa mama yangu, nikamkaripia.

Saa tisa Turbo akaja. Ameupata mstari wenye kosa: programu inapandisha kila kipimo hadi namba nzima, haiulizi uzito wa mtoto. Ni wangu, akasema, niliuandika tarehe ishirini Februari, na Mkuu nimeshamwambia. Hivyo tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Mkuu kamjibu kwamba mama aliona, mama akakubali, basi ndivyo hospitali walivyotaka.

Sawa, kosa ni lake, amekiri. Lakini majaribio yalipaswa kupiga kelele asubuhi yake. Nani aliyaziba mdomo? Huyo ndiye ninayemtaka.

Fomu imesainiwa. Kesho saa nne.

Ijumaa, 12 Mei

Saa nne na robo kumbukumbu zimefika.

Tarehe 21 Februari, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Lebo za mfano 412 zimebadilishwa kwa mkupuo. Amri: kubali zote. Maelezo: "kichwa kipya cha lebo tu." Jina: langu.

Langu.

Nimesoma mara sita. Nimekumbuka yote. Siku ile hospitali walibadilisha nembo, kila lebo ikawa tofauti na mfano wake. Nyekundu 412! Kichwa tu, kichwa tu, kichwa tu. Kijizana changu kilinitaka nikubali kila lebo mpya kuwa mfano, moja moja, makusudi, ili macho ya mtu yapite. Nikakagua kama thelathini, na orodha inaanzia kwa watoto wakubwa. Kisha nikakiongezea amri mpya, mistari minne, nikabonyeza mara moja. Nikawahi saluni. Saluni!

Nyani haoni kundule. Wiki nzima nimewanyooshea watu vidole.

Saa sita kasoro. Niko kwenye kiti nje ya mlango wa Mkuu, naandika juu ya goti. Karatasi ya kumbukumbu nimeikunja ndani ya daftari hili. Nina hasira mpaka meno yanauma, na safari hii sina wa kumtukana. Nimejaribu. Nimeanza na Mkuu, nikaenda kwa mwenye seva, nikaenda hadi kwa aliyechora nembo. Wote wananirudisha kwangu.

Mama Dawa amekuja kuketi karibu nami. Kavua viatu, miguu imemvimba. Anauliza, umempata? Nimesogeza kichwa, hata mimi sijui ni ndiyo au hapana.

Anasema nisijali, ameshafikiri. Ataingia amwambie Mkuu kwamba yeye ndiye aliyeziidhinisha, kwa makosa. Mkuu akishapata wa kumlaumu ataahirisha. Mimi nimekula chumvi nyingi, mwanangu, kazi yenyewe imebaki mwaka mmoja. Na nani ajuaye, anasema, labda kweli nilisahau.

Programu itasimamishwa. Wachanga watakuwa salama. Na karatasi itabaki daftarini, hakuna atakayeifungua.

Mlango umefunguka. Mkuu anasema aingie mmoja. Mama Dawa amenyanyuka, anavitafuta viatu kwa vidole vya miguu, anainama, havioni. Viko chini ya kiti changu. Nimevisukuma mimi, kwa kisigino, sasa hivi, asinitangulie.

Mkuu anauliza tena, nani anaanza —