Sufuria Yako ya Maziwa Imefika Kampala

Mama, shikamoo yangu ikufikie huko Musoma.

Hapa Wandegeya mvua haijakatika tangu asubuhi. Nakula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, nimesimama mlangoni mwa maabara. Unajua kilichonileta: kuunganisha silikoni na pete za kaboni kwa poda yenye potasiamu tu, bila metali ghali. Juzi ilikubali! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Furaha, mwenzangu kutoka Bukavu, akaionyesha kwa kidole chupa niliyotumia. "Dada, ile chupa ilipikaka ile metali ghali mwaka muzima. Pengine mabaki yake ndiyo ilikusaidia."

Nilikasirika, Mama, kwa sababu hoja yake ilikuwa ya kweli. Nikaikumbuka sufuria yako ya maziwa. Ulikuwa unasema ikishapikiwa samaki mara moja, hata uisugue kwa majivu, samaki hatoki.

Basi nimenunua chupa mpya, kijiko kipya, hata kile kisumaku cha kukorogea ni kipya. Kwenye chupa nimeandika kwa wino mwekundu: MAZIWA TU. Kila anayepita anacheka. Acha wacheke. Poda yangu haipendi unyevu, kwa hiyo nasubiri mvua ikatike, kisha naanza upya. Ikikataa nitaanza tena. Sirudi nyumbani na jibu la labda.

Kunywa dawa zako, usilale na njaa. Na mtu akikuambia sufuria ni sufuria tu, mlete kwangu.

Mwanao,
Bhoke