Mama Mkwe Kwenye Kerieri

Jumapili, 3 Julai 1949

Nimepewa samansi ya korti. Mimi! Mtu ambaye hata kazini sijawahi kuchelewa.

Niandike kwa utaratibu. Baada ya ibada nilipanda baiskeli kwenda upande wa Kapseret, kwenye shamba la Kaburu ambako mama mkwe amefikia kwa Selpha, binti wa dada yake. Alikuja kumwona mjukuu, lakini kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Nilitaka kuacha sukari mlangoni na kurudi.

Nilimkuta peke yake, amelala chini, mwili moto, pumzi inakwaruza. Selpha yuko kazini, anakamua ng'ombe. Gari hakuna. Nikasimama nje nikamwambia, Mama, panda baiskeli. Akakataa. Kwetu hata mkono hatupeani na mama mkwe — na kwenye kerieri, nyuma yangu, lazima ashike kiuno changu! Nikamwomba sana. Mwishowe akajifunika uso kwa leso, akapanda. Njia nzima ya matope hatukusemezana. Joto lake lilikuwa mgongoni mwangu. Niliona aibu, niliona huruma, sikuweza kuzitenganisha.

Karibu na hospitali askari Kipkemboi akapiga filimbi. Watu wawili juu ya baiskeli moja, kosa. "Karani mzima hujui sheria?" Alipokuwa akitafuta kalamu, mama mkwe alininong'oneza: Mwanangu, mkeo Nanzala asijue. Wanangu wasijue. Niapie.

Nikaapa. Akaenda kwa miguu mpaka getini, akiyumba, bila kugeuka.

Jumatatu, 4 Julai

Kesi ni Jumatatu ijayo. Bwana wangu wa kazini amesema niende, lakini karani mwenye tabia ya kesi-kesi hamtaki kwenye stoo yake.

Mke wangu amejua mama yake amelazwa. Anamshukuru Mungu kwamba Kaburu alitoa mkokoteni wa ng'ombe wa kumpeleka hospitali. Ndivyo mama alivyomwambia. Nikanywa uji.

Jumatano, 6 Julai

Murunga, karani mwenzangu, alinisubiri mlangoni. "Mzee wa kanisa! Ati Jumapili umeonekana na mrembo kwenye kerieri, amejifunika uso kama bibi harusi!" Wapagazi walicheka mpaka wakaweka magunia chini. Mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupata lifti.

Jioni maneno hayo yamefika bombani, wanawake wanakoteka maji. Nanzala amerudi na debe tupu. Hakupiga kelele — afadhali angepiga! Alisema polepole: Mama yangu ni mgonjwa, mimi nina mtoto mchanga, na wewe unatembeza wanawake mjini?

Nilichukua debe, nikaenda kuteka maji mwenyewe.

Alhamisi, 7 Julai

Wakati wa chakula nilikimbia hospitali. Kuingia wodini siwezi, nilisimama nje ya dirisha lake. Nikasema, Mama, nyumba yangu inavunjika. Niondolee kile kiapo.

Alikuwa macho. Alinitazama mara moja tu, akageukia ukuta.

Sikurudia. Mtu anapumua kwa shida vile, utamwomba nini tena?

Ijumaa, 8 Julai

Amekufa. Daktari anasema ni mapafu.

Nanzala ameanguka sakafuni akilia. Nilipomgusa bega, alisogea.

Jumapili, 10 Julai

Mvua. Khisa, kaka mkubwa wa Nanzala, amefika kutoka Kimilili na lori la kumchukua mama. Wanaondoka kesho baada ya kesi yangu. Khisa anataka kuisikia kwa masikio yake. Bila shaka dada yake amemwambia.

Nanzala amefunga nguo zake zote, na za mtoto zote. Amefunga na sufuria. Nani huenda matangani na sufuria zake?

Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Jumatatu, 11 Julai

Naandika kwenye benchi nje ya korti, karatasi gotini. Hakimu amekwenda kunywa chai.

Nilikubali kosa haraka haraka, nikidhani yataishia hapo. Kumbe! Kipkemboi akasema abiria alikuwa mwanamke mlevi, alishuka akiyumba. Hakusema uwongo kwa kusudi. Alichoona ni mtu anayeyumba. Hakimu akauliza kupitia kwa mkalimani: Ni kweli huyo mwanamke alikuwa amelewa? Ni nani? Khisa alikuwa benchi la nyuma. Hakimu akasema nitumie wakati wa chai kulikumbuka jina.

Nikisema ndiyo, nimemwita mlevi. Nikisema hapana, alikuwa mgonjwa, Khisa atajua mara moja ni nani. Mgonjwa gani mwingine alipelekwa hospitali Jumapili ile? Na mkalimani ni mtu wa kwetu, habari itafika Kimilili kabla ya maiti. Watu watamzika wakisimuliana jinsi alivyomkumbatia mkwewe.

Khisa amekuja kukaa kando yangu. Hana hasira, na hilo ndilo linaniumiza. Ananiambia, Shemeji, taja tu jina la huyo mwanamke, yaishe. Mimi ni mwanamume, mambo haya nayajua. Nitazungumza na dada yangu.

Kisha akasema kwamba Alhamisi jioni mama alimshika Nanzala mkono akamwambia asiniache. Kijana huyu ana heshima, alisema. Tangu akuoe hajanigusa hata kidole.

Khisa alicheka kidogo, akafuta macho. "Mama alikupenda. Sasa heshima gani hii, ya kubeba walevi?"

Lori limesimama ng'ambo ya barabara. Mama mkwe amelala ndani, chini ya turubai. Nanzala amekaa mbele na mtoto, hatazami huku.

Mkalimani anaita jina langu. Khisa ananishika mkono kunisimamisha —