Uyoga wa Mama na Telegramu ya Alhamisi

Nyumba ya Mwalimu Léonard,
Sité ya Elisabethville,
Jumapili, tarehe 19 Desemba 1948

Mpendwa Dada Delphine,

Pokea salamu zangu pamoja na za mke wangu Constance. Sisi hapa tu wazima sote, na neno "sote" nimelipima kabla ya kuliandika. Natumaini barua hii itakukuta salama, goti la Shemeji Chileshe limepungua uvimbe, na mvua za Sakania hazikulaza mahindi yako kama zilivyolaza ya kwetu. Mama hajambo. Anakula tena.

Najua telegramu yangu ya Alhamisi iliwatia hofu. Ilikuwa na maneno manne tu: "Msile uyoga wa Mama." Ufupi wake unasameheka, kwa kuwa telegramu haina nafasi ya maelezo. Lisilosameheka ni kwamba niliituma kabla ya kumuuliza Mama mwenyewe.

Sikiliza jinsi mambo yalivyokwenda. Jumanne Mama alitoka kwenda porini, kama afanyavyo kila Desemba, akarudi na kikapu kimejaa. Sehemu kubwa aliikausha juu ya moto, na Jumatano asubuhi Anaclet, anayesafiri na gari moshi, akakuletea. Sehemu ndogo, sahani moja, alimpa mbichi jirani yetu Laurentine, kwa sababu mumewe Edouard alikuwa akingoja mgeni kutoka Kilwa ile ya ziwani. Jumatano hiyo, baada ya chakula cha mchana, Edouard na mgeni wake walishikwa na kutapika hata wakachukuliwa hospitali. Kabla ya jua kushuka, barabara yetu yote ilikuwa ikisema kwamba Mama, mzee Kapya, haoni tena. Wengine walisema jambo baya zaidi: kwamba anaona vizuri sana, na alijua alichokitoa.

Katika sahani ya Laurentine ulibaki uyoga mmoja usiopikwa, mweupe. Niliuchukua, nikaukausha kando ya jiko, nikautia ndani ya kopo la sigara. Alhamisi, nilipotoka posta, nilimwonyesha Mama. Aliunusa, akasema si wake. Nikamjibu, kwa ubaridi ambao leo unaniumiza, kwamba jicho lake la kushoto lina ukungu tangu Pasaka, na kwamba neno la anayeshtakiwa si ushahidi. Mama alihamisha kiti chake nyuma ya nyumba, na tangu saa ile hakugusa chakula chetu.

Ijumaa, madaktari walipowaruhusu wagonjwa wote wawili kurudi nyumbani, Mama aliniita.

"Leonari," akasema, "kila fasi nachumaka, naachaka mumoja, mama ya wengine, namufunika na majani. Beko kule. Twende ubaone na macho yako ya kitabu."

Dada, nimekula uyoga wa Mama miaka thelathini na nane, na desturi hiyo ya kuacha mmoja kila mahali sikuijua. Labda wewe uliijua, kwa kuwa ulikuwa ukimfuata porini wakati mimi nikikazana na katekisimu.

Basi jana kulipopambazuka tulitoka watu watatu: Mama, mimi, na Laurentine, aliyetumwa na Edouard ili nyumba yake iwe na shahidi. Mama ana mzunguko wake, na hakanyagi njia moja mara mbili. Hupanda kwanza kwenye msitu wa juu, katikati ya vichuguu vile vinavyozidi nyumba kwa urefu, kisha hushuka mpaka Kafubu, hufuata bonde la mto, na kurudi mjini kwa upande wa wafyatua matofali. Mimi nilihesabu hatua na kuandika. Mama aliliona daftari langu, akaendelea kupanda.

Mahali pa kwanza palikuwa chini ya mti wa mutondo. Alipiga magoti, akafukua majani kwa vidole viwili, na uyoga wa manjano ulikuwa umesimama pale, umezeeka, umeanza kuliwa na konokono, lakini unatambulika bila shaka. Pa pili vivyo hivyo. Pa tatu vivyo hivyo. Mahali pa nne ndipo uanzapo ule mkubwa mweupe uitwao tente, na huo ndio uliofanana kwa mbali na wangu wa koponi. Majani yalikuwa yamefukuliwa. Palikuwa na alama za kwato za swala mdogo, na uyoga haukuwapo.

"Mama, labda ilitoka hapa," Laurentine akasema polepole.

"Nyama ya pori njo alimukula," Mama akajibu. "Kama ni sumu, angelala papa hapa."

Hoja hiyo haikunitosha. Niliandika "haukuonekana". Nilikuwa nikiwaza kifurushi chako, na watoto wako wawili. Nilikuwa nikiwaza pia jinsi nitakavyoishi na mama ambaye barabara nzima imempokonya jina lake la mjuzi, na mimi nikiwa wa kwanza.

Mahali pa tano na pa sita palikuwa kwenye mteremko, juu ya mto. Tente zote mbili zilikuwapo chini ya majani yake. Nilifungua kopo, nikalinganisha mguu, pete na harufu. Hazikufanana na ule wa koponi.

Bonde lilikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja kwa maji ya juzi, na Kafubu ulipita taratibu bila kupiga kelele kwenye mawe. Mama alinawa miguu. Mimi, nikihesabu huku nikimtazama, niliteleza nikaketi matopeni pamoja na daftari.

"Andika na ile," Mama akasema. "Hatua elfu tatu, mwalimu alianguka mu matope."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu Alhamisi, na nililipokea kama mgonjwa apokeavyo maji.

Tulipokaribia mashimo ya udongo wa matofali, tuliingia chini ya mikaratusi iliyopandwa na Wazungu miaka ile ya kazi nyingi. Pale Mama hachumi kamwe, kwa sababu miti ile ni migeni kwake. Nikaona chini kitu cheupe, kisha kingine, safu nzima. Nilifungua kopo. Rangi, mguu, harufu: ni uyoga ule ule. Nilipogeuka kumwita Mama, Laurentine alikuwa ameketi chini.

"Ni miye," akasema. "Sahani ya Mama ilikuwa kidogo, na mugeni alikuwa njiani. Nilisikia haya kumuwekea mugeni vipande vitatu. Nilipotoka kufua ku mto, niliongeza na ya hapa. Mbele ya bwana na mugeni, miye sikula, na mu chungu haikubakia kitu."

"Na siku tatu banatukana miye, weye unanyamaza tu?" Mama akauliza.

"Niliogopa bwana."

Mama alimtazama kwa lile jicho zima. "Simama, udongo iko baridi. Kesho utasema ku bomba, na ile sauti unaniombaka nayo chumvi."

Leo baada ya misa Laurentine amesema, penye bomba la maji, wanawake wakiwa wamepanga ndoo zao, kwa sauti ambayo hata Edouard aliisikia kitandani. Edouard amekuja mwenyewe kumpa Mama mkono. Shuka la mashaka limeondoka juu ya nyumba hii, dada, na nimelala mchana kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni.

Kwa uaminifu niseme: mahali pa nne pamebaki bila uthibitisho, na patabaki hivyo. Jana jioni niliomba nipikiwe baadhi ya tente za Jumanne zilizosalia nyumbani, nikala wa kwanza, sahani nzima, Mama akinitazama. Kisha akakirudisha mwenyewe kiti chake mezani.

Constance anaomba umtumie kitambaa kile cha bluu ikiwa bado kipo dukani Sakania.

Msalimie Shemeji Chileshe, mkumbatie Feza na mdogo wake, na usimsahau Baba Mulenga wa stesheni. Mungu aliyetutoa katika hofu hii awafunike nanyi kwa mkono wake.

Ikiwa mlitupa kifurushi cha kwanza, msisikitike. Asubuhi hii Mama amefunga kingine kwa mikono yake, na Anaclet atakuletea pamoja na barua hii. Wewe unanijua: tangu utoto sijapokea kitu nisikifungue nikikague. Hiki nimekipokea kimefungwa, na kimefungwa hivyo hivyo nimekitoa.

Ndugu yako akupendaye, aliyejifunza wiki hii,
Léonard