Mnyauko wa Bondeni Kitahana

Kitahana, Kibondo

Kaka Makarius mpendwa,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kasulu, wewe, wifi Winnie na watoto. Mama anakusalimu, kifua kimemwachia, ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Nyanya zetu za bondeni zimekufa zote. Zililegea ghafla zingali na majani mabichi, na maji hayakuzisaidia. Watu wakasema ugonjwa umeletwa na Ininahazwe, mjane wa jirani yetu Nkunzimana, kwa kuwa kabla ya kuolewa hapa aliishi Mtendeli, kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Nawe ukanipigia, ukaniagiza nishirikiane nao afukuzwe bondeni. Sikufanya hivyo.

Nilimtafuta mtafiti wa mboga, Bi. Dorcas. Alikata shina la mnyanya, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, likatoa nyuzi nyeupe kama maziwa. Akasema hao ndio bakteria wa mnyauko, nao wana koo nyingi kama watu. Ukoo mmoja huua aina ya nyanya ambayo ukoo mwingine hauiwezi. Akachukua mashina ya shamba letu, ya Ininahazwe, na ya bustani za Kasulu wanakouza miche, akaenda kuyapima vinasaba.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Bakteria wa Ininahazwe ni ukoo mwingine kabisa, si huu uliotumaliza sisi. Hata hivyo mwenyekiti akataka aondoke, eti kwa tahadhari. Nikasimama. Mama alinivuta kanga, sikukaa. Nikasema, "Akiondoka yeye, na sisi tuondoke. Babu yetu naye alivuka mpaka na mbegu mfukoni."

Sasa kaka, lililo gumu. Bakteria wa shamba letu wamefanana na wa bustani moja tu, ile uliyonunua miche ukatutumia kwa basi. Hukujua, na kwa hilo sikulaumu. Lakini nimelisema mbele ya kijiji kizima, kwa jina lako, kwa sababu ulikuwa umekwisha kumhukumu mtu asiye na kosa. Mwenyekiti akaliondoa shauri lake. Ininahazwe amebaki, na bondeni tumepanda mahindi, mimi naye, mpaka udongo upone.

Krismasi ukija, pitia kwake kwanza ndipo uje nyumbani.

Wifi na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama anakuombea.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeomba radhi,
Pelagia