Saluti Mbele ya Shefu wa Ardhi

Tata mpendwa,

Ninatangaza rasmi, nikiwa nimesimama wima kadiri magoti yangu yanavyoruhusu, kwamba Sajini ametaga. Ametaga mayai manne ndani ya kofia yako ya chuma, ile uliyokataza hata wajukuu wasiiguse, na sasa ameyakalia kwa uso wa mtu aliyeshinda vita. Nilijaribu kumtoa. Akanidonoa kidole. Nikarudi nyuma kwa utaratibu, kama ulivyotufundisha, na kofia imebaki kwa adui.

Kwa wasiokujua, maana nimeahidi kuisoma barua hii mbele ya watu Jumapili baada ya ibada, Sajini ni kuku mwekundu. Wewe mwenyewe uliacha jeshi ukiwa kaporali, lakini hukuona ajabu kumpa kuku cheo kilichokupita. Ulisema anastahili.

Sisi watoto wako tulikua kwa kuitwa majina. Kila asubuhi kabla ya uji ulisimama uani, mgongo umenyooka, reli ya kwenda Kasaji nyuma yako, ukaita: "Namba moja!" Nami nikajibu: "Prezan!" Namba moja nilikuwa mimi, na sikumbuki kuwa wa kwanza katika jambo lingine lolote tangu hapo. Mwisho ulimwita Mama. Naye hakutoka jikoni hata siku moja. "Kama mi si prezan," alipaza sauti, "uji inapikwa na nani?" Ulijifanya hukusikia kicheko chetu. Ukasema "Repo!", yaani tupumzike, na sote tukakimbilia sahani.

Mihogo yako nayo ilisimama foleni. Uliipanda kwa kamba, mstari kwa mstari, na majirani walipopita kwa baiskeli walikuchokoza: "Kaporali, ile mihogo itaenda kupigana wapi?" Ukawajibu bila kuinua macho: "Inangoja amri."

Leo ukipita hapa unaona nyumba, kanisa, shule ninayofundisha, na pikipiki zinazobeba vijana na magunia yao ya mawe ya madini kuelekea Kolwezi. Mlipofika ninyi palikuwa na pori, reli, na kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Mlikuwa na baiskeli moja, jembe moja, na mimi mgongoni mwa Mama, nikilia, naambiwa, toka mlipoanza safari mpaka mwisho. Kichuguu kile ulikibomoa mwaka mzima ukafyatua matofali. Ndiyo nyumba ninamoandikia. Ukuta wa mashariki umepinda kidogo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukuambia. Basi, umepinda.

Kuna jambo moja sikulielewa. Kwa majirani, mwanaume alitangulia njiani na bibi yake akafuata. Kwetu Mama alitangulia na jembe begani, wewe ukafuata hatua kumi nyuma, miaka yote, mvua au jua. Nilipokuuliza ulinijibu kama mtu anayetoa siri ya jeshi: "Askari muzuri analinda nyuma, mutoto yangu." Nikakuamini. Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipokuuliza, kwa hiyo sina kisingizio.

Na hadithi ya saluti, nani hapa haijui? Kwamba ulifika kwa shefu wa ardhi kuomba mahali pa kulima, wewe mtu wa Kasai usiye na ndugu upande huu. Kwamba ulimpigia saluti, kisigino kikalia. Kwamba shefu aliinuka kwenye kiti chake, akakurudishia saluti, akasema: "Mwanaume sawa huyu, mumupatie udongo." Nilipokuwa mdogo shefu aliinuka tu. Nilipoolewa alikuwa pia anatokwa machozi. Wajukuu walipozaliwa, ngoma zilipigwa.

Siku moja nikimenya mihogo na Mama, nilimuuliza kama ni kweli.

"Saluti njo ya kweli," alisema.

"Na kisha?"

Akanieleza, kwa maneno machache, akicheka mpaka kisu kikamponyoka. Nikamuuliza mbona hajawahi kukusahihisha. "Muache," alisema. "Ile hadisi njo medayi yake."

Nikakuacha. Hata siku ya kukuzika nilikuacha. Siku ile Mama alitushangaza: jeneza lilipotoka uani aliwapita wabebaji njiani, akaenda mbele ya jeneza peke yake, polepole, na fimbo yake. Mdogo wangu Ilunga alimkimbilia. "Mama, rudi nyuma, wajane banafuata." Akaendelea na mwendo wake. Tukasema huzuni imemchanganya, tukamwacha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Shefu wa zamani alifariki mwaka mmoja baada yako. Mjukuu wake aliyerithi kiti amekuta watu wengi wamejigawia ardhi tangu vijana waanze kuchimba huku na kule. Akaita kila familia iliyopewa ardhi na babu yake ije ieleze, mbele ya wazee wa baraza, ilipewaje. Maneno yakilingana na wanayoyakumbuka wazee, mnabaki. Yasipolingana, ardhi inarudi kwa shefu.

Ilunga hakuona tatizo. "Dada, sema ile ya tata. Ya saluti. Bote banaijua."

Mimi sikulala. Nikisema yako, huenda tukapoteza mihogo, matofali, na kaburi lako lililo pale palipokuwa na kichuguu. Nikisema ya Mama, ninakuvua medali mbele ya watu, nawe huna tena mdomo wa kujitetea. Niliwaza hata kuugua siku ile. Tumbo langu, ambalo hunisaliti kila siku, lilikataa kabisa kuuma.

Tukaenda. Nilipiga magoti, na hiyo peke yake ilichukua muda. Nikaanza: "Tata yetu alikuwa askari. Alipofika hapa alipiga saluti…" Wazee wakaangaliana. Nikamwona Mama, amekaa kwenye mkeka, ananitazama kama alivyonitazama nikisoma kwa sauti nikiwa darasa la kwanza: bila kunisaidia.

Nikasema ukweli. Nilipomaliza, mama mzee mmoja wa baraza, binti ya shefu yule wa zamani, alitikisa kichwa.

"Haujamaliza," alisema. "Mi nilikuwa pale. Tata yangu aliongeza kintu."

Akaongeza alichoongeza. Ilunga akainamisha uso. Mama akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, kisha akamwambia yule mzee, kama anayemlaumu rafiki: "Ile ungeiacha. Alikuwa anaifichaka muzuri sana."

Tumebaki, tata. Shamba ni letu. Ninaandika nikiwa na furaha, na mayai manne ndani ya kofia yako. Nisamehe kwa medali, ingawa sidhani tena kwamba nilikuvua kitu.

Na kwa kuwa nimekwisha kusema mbele ya shefu, niandike na hapa ilivyokuwa kweli, tusirudie tena ngoma.

Ulipiga saluti. Shefu hakuinuka. Mbele ya shefu wa ardhi hii mtu hushuka chini, hujipaka udongo mikononi na kifuani, hupiga makofi polepole. Wewe ulisimama mbele yake kama mti, kichwa chako juu ya chake. Watu walikasirika, na wawili walikwisha kuinuka kukufukuza. Ndipo Mama, aliyelelewa Kisenge, upande huu huu, na kuujua utaratibu huo tangu utoto, alipiga magoti na mimi mgongoni, akajipaka udongo, akapiga makofi, akaomba. Shefu akacheka. Akauliza: "Huyu askari ni wako?" Mama akasema: "Njo wangu." Shefu akasema: "Udongo ninakupatia weye. Naye aingie, lakini atembee nyuma yako."

Hayo ya mwisho ndiyo aliyoongeza binti yake barazani. Hakuna aliyetumwa kuangalia kama utatii. Ulitii miaka arobaini na moja, hatua kumi nyuma, mpaka siku tuliyokubeba.

Repo, tata.

Mtoto wako, namba moja.